Mphafa wa Juu ya Tuta

Kila alasiri, vyombo vikishaoshwa na mbuzi wakishaingia kivulini, MaTshuma alijitwika dumu tupu na kushika njia ya lambo. Hakuwa na haraka. Dumu lenyewe alilibeba kwa ajili ya macho ya watu tu, maana nyumbani maji yalikuwepo. Alikuwa anakwenda kukaa na mumewe.

Mume mwenyewe, Mkhokheli, alikuwa amefariki zamani. Yeye ndiye aliyewaongoza watu kujenga lambo la Nkonyane. Walikokota udongo kwa ng'ombe na mabeleshi. Waliumwagilia maji, wakaushindilia, mpaka tuta likasimama kati ya vilima viwili na kukizuia kijito. Siku moja, kazi ikiwa imebaki kidogo, Mkhokheli alikaa juu ya tuta apumzike. Hakuinuka tena. Moyo ulisimama pale pale, beleshi likiwa bado mkononi.

Sasa kwa watu wa huko, mtu akifia nje ya nyumba yake, mwili huzikwa lakini roho hubaki nyuma. Ni lazima ifuatwe. Mtoto wa kwanza wa kiume huchukua tawi la mphafa, ule mkunazi wa porini wenye miiba, akaenda nalo mahali mzazi wake alipofia. Humwambia, "Baba, twende nyumbani." Kisha hurudi na tawi lile bila kusema na mtu njiani, wala kutazama nyuma. Hapo ndipo marehemu hufika kwake akapumzika.

Mthulisi, mtoto wa kwanza, alikuwa Johannesburg akitafuta maisha. Mazishi yalimpita. "Nitakuja, mama, nitakuja," alisema kwenye simu. MaTshuma akangoja. Mwisho aliona si vizuri mumewe akae juani. Alichukua mche wa mphafa akaupanda juu ya tuta, pale pale alipoangukia.

"Kaa hapa kivulini, Baba Mthulisi," alisema. "Mwanao akija atakuchukua."

Mthulisi alikuja, tena kila Krismasi. Lakini alikuja na gari, muziki na marafiki. Waliendesha gari mpaka juu ya tuta, wakachoma nyama, wakanywa, wakajitupa majini. Yule kijana alikuwa na mdomo! Aliongea akila, aliongea akiogelea. Mama yake alipomkumbusha habari ya tawi, alimkumbatia na kusema, "Mwakani, mama. Mwakani bila kukosa." Mwakani ikawa miaka.

Na mti, jamani, ulikua. Njiwa walijenga humo. Watoto walipanda matawi yake na kujirusha majini. MaTshuma aliegemea shina, maji yakimetameta mbele yake, akasimulia habari za nyumbani: mbuzi aliyezaa, jirani aliyenuna. Mara alisinzia, mara aliamka, na hakujua tena lipi alilisema na lipi aliliota. Hakuna aliyemjibu. Lakini alirudi nyumbani moyo mweupe.

Chini ya tuta, upande mkavu, nyuma ya mti, palikuwa na unyevu. Maji yalitoka ardhini polepole hata wakati wa kiangazi. MaTshuma alipanda mboga hapo, nazo zikastawi kijani wakati vijiji vyote vilikuwa vumbi.

"Hayo ni maji ya Baba Mthulisi," aliwaambia watu. "Huyo hawezi kuniona nina njaa akanyamaza."

Watu walicheka. Lakini mboga walikula.

Mwaka ule, kabla ya mvua, pikipiki ilikuja ikinguruma kwenye njia ya lambo. Aliyeshuka alikuwa Sikhethile, binti wa kijiji cha jirani. Alikuwa amesomea mambo ya malambo, na sasa kazi yake ilikuwa kuyakagua. Alitembea juu ya tuta taratibu, akichungulia huku na huku. Alifika kwenye mphafa, akasimama.

"Hodi hapo kivulini, mama."

"Karibu, mwanangu. Keti. Hapa pana upepo."

Sikhethile aliketi, lakini macho yake yalikuwa kwenye mizizi. "Mama, nani alipanda mti huu?"

"Mimi. Kwani ni kosa?"

"Mti si kosa. Mahali ndipo kosa." Alichukua bonge la udongo akalifinya. "Tuta hili ni udongo mtupu, halina jiwe wala saruji. Linasimama kwa sababu udongo wake umeshikana. Mzizi unapita katikati yake. Mzizi ukifa na kuoza, unaacha nini?"

MaTshuma alilitazama lile bonge la udongo.

"Tundu. Ukichomeka kijiti kwenye gunia la unga, kisha ukakichomoa, nini kinatokea?"

"Unga unamwagika."

"Basi maji nayo ndivyo yanavyofanya. Yanaingia kwenye tundu, yanabeba udongo kidogokidogo. Tundu linakuwa bomba. Siku moja tuta linakatika. Na huko chini kuna nini?"

Wote wawili walitazama. Chini kulikuwa na bustani, kisha nyumba, kisha shule yenye bati jekundu.

"Ule unyevu pale kwenye mboga zako," Sikhethile aliendelea, "ndio dalili yenyewe."

MaTshuma alicheka kwa hasira. "Ule? Ule ni zawadi ya mume wangu. Wewe ulikuwa bado unanyonya alipofia hapa. Mti huu ndiyo nyumba yake mpaka mwanawe amchukue. Ukiukata, umemtupa nje. Tafuta mti mwingine wa kukata, binti."

"Mama, mimi sikuja kugombana..."

"Bibi! Bibi, nitazame!"

Sauti ilitoka juu. Nokuthaba, mjukuu wa MaTshuma, alikuwa amesimama kwenye tawi, mbavu nje, meno nje. Alitaka kumwonyesha mgeni.

"Usiruke hapo!" Sikhethile alipiga kelele.

Mtoto alikuwa ameshakwenda. Maji yakamfunika. Wakangoja kichwa. Kichwa kilitokea mbali kidogo, kikazama, kikatokea tena, na mdomo ulikuwa umejaa maji.

MaTshuma alivua viatu. Hakujua kuogelea. Maisha yake yote hakuwahi kutia mguu ndani ya lambo lile. Lakini alikuwa tayari anateremka mbiombio, mikono mbele. Sikhethile alimkamata kiunoni.

"Ukiingia mtakufa wawili! Dumu! Lete dumu lako!"

Lile dumu la kuzugia watu. Sikhethile alikaza kifuniko. Alifungua kamba ya kufungia mizigo kwenye pikipiki, akaifunga kwenye mkono wa dumu, akalirusha. Dumu likaelea likicheza.

"Shika dumu, mwanangu! Usilipande, likumbatie! Piga miguu!" Sikhethile aliita.

Nokuthaba alilikumbatia. Wakavuta, kamba ikiwakata viganja, mpaka mtoto akafika ukingoni, akakohoa, akatapika maji, akalia. MaTshuma alimkumbatia, akamchapa kibao cha mgongo, akamkumbatia tena.

"Najua kuogelea, bibi," mtoto alisema kwa kwikwi. "Sijui kulitokea nini. Chini hakuna chini."

"Ni kweli," Sikhethile alisema. "Udongo wa tuta ulichimbwa humo humo lamboni. Mbele ya tuta pana shimo kubwa. Unasimama maji ya kifua, hatua moja mbele hukuti kitu. Visiki navyo vimo. Kando ya tuta si mahali pa kuogelea, wala mtu asiruke ndani ya maji asiyoyaona chini."

Kabla ya kuondoka, Sikhethile alimpa MaTshuma chupa ya kioo.

"Mti sitaugusa bila ruhusa yako na ya kijiji. Ila kila asubuhi kinga humu maji yale ya mbogani. Yakiwa meupe, bado tuna muda. Yakija na tope, ujue tuta linaliwa ndani kwa ndani. Nipigie siku hiyo hiyo, usingoje kesho."

Tangu siku ile watoto walikatazwa kupanda mti. Lakini mti ukabaki. Na kila asubuhi MaTshuma alikinga maji, akainua chupa juani. Meupe. Alitabasamu kidogo. "Umesikia, Baba Mthulisi? Wanakusingizia."

Mvua ikaja. Ilikuja na radi na harufu ile ya vumbi lililolowa, kila mtu akatoka nje kuinusa. Lambo lilifika nusu. Asubuhi MaTshuma aliinua chupa, na maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa.

Akayamwaga.

"Ni mvua tu," alisema peke yake. Akakinga tena. Aliweka chupa juu ya jiwe, akaenda kukaa chini ya mti. Manyunyu yalikuwa yamekatika. Jua la asubuhi lilipita kati ya majani, maji yakawa yanapumua polepole, njiwa wakaanza kulia. Usingizi ukamchukua.

Alimwona Mkhokheli. Hakuwa amekaa kivulini. Alikuwa chini, upande mkavu, ameligeuzia tuta mgongo na kulisukuma, miguu imezama matopeni, kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe na ng'ombe. Suruali ilikuwa imelowa mpaka mapajani.

"Njoo ukae, Baba Mthulisi," alimwambia.

"Nikae vipi? Nikiondoka hapa linakwenda." Sauti ilikuwa ile ile, ya upole na ya kuchoka. "Mgongo unaniuma, mke wangu. Mwite mtoto."

Aliamka shavu limeganda kwenye gome. Alishuka kwenye mboga karibu aanguke. Kwenye chupa, tope lilikuwa limetulia chini. Na kati ya mboga zake, kijimkondo cha maji ya kahawia kilikuwa kinatoka ardhini kikichemka kidogo. Aligusa. Ulikuwa udongo mwekundu, ule ule ulioshindiliwa na mumewe.

Alikaa chini kwenye matope akalia. Alilia kwa uchungu, maana aliona kwa macho yake mwenyewe. Mumewe alikufa kwa ajili ya tuta hili, na mti alioupanda yeye kwa mapenzi ndio uliokuwa unalitafuna. Alipomaliza kulia, alitoa simu kifuani.

Kwanza alimpigia Sikhethile. Kisha Johannesburg.

"Mama! Habari za huko? Mvua imenyesha? Mimi huku nina hadithi, yaani wewe sikia tu, jana bosi wangu..."

"Mthulisi, njoo."

"Nakuja, mama, Krismasi si hii hapa imekaribia?"

"Krismasi utakuta tope na maiti. Baba yako amechoka kusimama."

Kimya. Hata yeye mwenyewe MaTshuma alishangaa, maana mwanawe hakuwahi kunyamaza kwenye simu.

"Nakuja," Mthulisi alisema.

Sikhethile alifika mchana ule ule, na kijiji kizima kikatoka. Hakuruhusu mtu kuziba pale penye mkondo. "Ukiziba, maji yatatafuta mlango mwingine," alisema. "Tunayaachia maji yapite, tunauzuia udongo." Walimwaga mchanga juu ya mkondo, juu yake kokoto, juu yake mawe. Jioni maji yalikuwa yanatoka bado, lakini meupe. Kisha walifungua koki ya bomba la chini ya tuta, lambo likaanza kupungua kwa utulivu, bustani zikanywa mpaka zikashiba.

"Na yale mawe pale kwenye utoro?" Sikhethile aliuliza, akionyesha ile njia ya pembeni ya kutolea maji yanayozidi.

Wanaume walitazamana. Mmoja akajikuna. "Tuliyapanga sisi. Ili maji yajae zaidi, na samaki wasituponyoke."

"Utoro ukizibwa, maji yatapita wapi siku ya mvua kubwa?"

"Juu ya tuta," alijibu yule yule, taratibu.

"Na tuta la udongo maji yakilipita juu, halimalizi siku. Toeni mawe yote leo."

Wakayatoa. Ile methali ya ufa na ukuta kila mtu huko anaijua. Kuitenda ndiyo kazi.

Mthulisi alifika kwa basi, bila gari wala muziki, macho mekundu kwa safari. Alikunywa maziwa mgando akiwa amesimama. Alipokwenda lamboni, Sikhethile alimwonyesha mifereji miwili juu ya tuta, iliyochimbwa na magurudumu.

"Hii ni ya nani?"

"Ya gari langu," alisema Mthulisi, na hakuongeza neno.

"Tuta likibonyea mahali pamoja, maji yatapita hapo kwanza. Si barabara hii."

"Nimeelewa, dada. Nitapajaza kwa mikono yangu."

Asubuhi iliyofuata, wazee wa ukoo walisimama ukingoni. Mthulisi alipanda tuta peke yake, akakata tawi moja la mphafa. Miiba ilimchoma, damu ikatoka, hakuifuta. Alipiga goti pale baba yake alipoangukia. Mama yake, chini, alimsikia akisafisha koo.

"Baba, ni mimi. Nimechelewa. Nisamehe." Akaliinua tawi. "Twende nyumbani."

Akageuka, tawi likiwa kifuani, akaanza kutembea.

Njia ya nyumbani inapita katikati ya kijiji. Rafiki zake wa nyama choma walikuwa wamekaa mbele ya duka. Mmoja, aliyekuwa mgeni wa jambo hili, akapaza sauti: "Mthulisi! Umekuja lini, bwana? Hata salamu?" Mwenzake akamziba mdomo kwa kiganja. Simu ikalia mfukoni mwa Mthulisi, ikalia, ikanyamaza, ikalia tena. Hakuishika. Wanawake kisimani waliweka ndoo chini na kuinama alipopita. MaTshuma alimfuata nyuma kwa mbali, na kila hatua ya mwanawe ilikuwa nzito na ya polepole, ya mtu anayetembea na mzee.

Aliingia nyumba kubwa, akalilaza tawi upande wa nyuma, mahali pa wazee waliotangulia. Akatoka. Akakaa kizingitini, akafunika uso, akalia kwa sauti mpaka kuku wakakimbia. Hakuna aliyemnyamazisha. MaTshuma aliingia ndani, akatandika ngozi ya mbuzi karibu na tawi.

"Karibu, Baba Mthulisi," alisema. "Sasa kaa."

Mti ulikatwa maji yalipokuwa yameshuka chini ya mizizi. Waling'oa mizizi yote, hata ile iliyokwenda mbali. Shimo walilijaza udongo wa mfinyanzi, tabaka jembamba kwa tabaka jembamba, kila moja likitiwa maji kidogo na kushindiliwa mpaka kisigino kikakataa kuzama. Mashimo ya panya nayo yakajazwa, pamoja na mifereji ya gari. Juu wakapanda nyasi fupi za kutambaa. Ng'ombe wakatengewa njia yao ya kunywea, mbali na tuta.

Mvua kubwa ilikuja baada ya Krismasi. Ilinyesha tangu alfajiri, ikaendelea kutwa nzima. Watu wote walipanda kilimani, hata wagonjwa, wakasimama chini ya mifuko ya plastiki wakitazama lambo linavyopanda. Lilifika usawa wa ile mizizi iliyong'olewa. Likapita. Kisha maji yakaukuta utoro, yakageuka kando, yakashuka pembeni ya kilima yakinguruma. Tuta lilibaki limelala pale pale, kijani, limelowa, zima. Mzee mmoja alianza kuimba, na wote wakaitikia.

Siku jua liliporudi, watoto walitaka maji. Lakini sasa palikuwa na mahali pake: ng'ambo ya maji, ukingo unaotazamana na tuta, penye mchanga na mteremko mdogo, mbali na shimo, mbali na bomba, mbali na utoro. Fito zenye vitambaa vyeupe zilionyesha mwisho wa kina kifupi. Kwenye ufito wa ukingoni lilining'inia dumu la MaTshuma, kifuniko kimekazwa, kamba imefungwa. Bila mtu mzima wa kutazama, hakuna kuingia. Aliyekunywa pombe alikaa na nyama yake juu ya mawe, na gari la marafiki lilisimama mbali barabarani.

Zamu ya kutazama ilikuwa ya MaTshuma. Alikaa kwenye mchanga, macho yakitangatanga juu ya maji. Mwanga ulikuwa ule ule wa alasiri, na hata njiwa walikuwepo, mahali pengine.

Nokuthaba alikuja akidondoka maji, akaketi karibu naye.

"Bibi, huukumbuki mti wako?"

"Nakikumbuka kivuli chake."

"Na babu? Huji tena kukaa naye?"

"Babu yako yuko nyumbani. Nimemwacha kwenye ngozi yake."

Mtoto aliwaza. "Sasa wewe huku umefuata nini?"

MaTshuma alitazama tuta, kisha maji, kisha miguu yake mikavu ya miaka yote ile. Alimwita Mthulisi, aliyekuwa akigeuza nyama kimya kimya, maana tangu siku ya tawi alikuwa mpole kupita kawaida. Akamkabidhi kamba ya dumu. Akakunja sketi, akamshika mjukuu mkono, akaingia.

Maji yalikuwa ya vuguvugu. Yalimfika vifundoni, kisha magotini. Watoto wote walipiga kelele za furaha. MaTshuma alisimama katikati ya mwanga ule, akicheka.

"Mthulisi," aliita bila kugeuka, "hiyo kamba ishike vizuri. Na leo ruhusa, mwanangu. Ongea."